Kipande Alichotuwekea Shosho

Jumapili, 16 Machi

Mwalimu Cheruto ametuambia sisi wa kundi la ushairi tuandike nusu ukurasa kila siku, hata pasipokuwa na la kusema. Anasema asiyeandika mwenyewe hughani kama kasuku. Daftari hili lilikuwa la Jiografia. Nimeng'oa kurasa za mwanzo.

Leo tulienda Elburgon kumwona Shosho, mama yake Baba. Mimi ni Wamaitha kwa sababu yeye ni Wamaitha. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, ndiyo maana Baba huniita Mami, na Mama akitaka kunitania huniita mama mkwe. Shosho anaishi peke yake tangu mumewe, Guka, afariki. Mbele ya nyumba yake kuna nyumba nyingine ya mbao, aliyoijenga baba mkubwa Kang'ethe kabla hajahamia Karagita kufanya kazi kwenye mashamba ya maua. Huu ni mwaka wa tatu haina mtu. Leo tuliikuta imefagiliwa, madirisha wazi, ndani kukinukia sabuni.

Tukiwa tunakula Shosho alisema, bila kumwangalia yeyote, "Hiyo nyumba ilijengewa watu, si panya."

Baba alicheka. Mama aliangalia chai yake. Dada yangu Tabby aliuliza kama hao panya ni wakubwa.

Wakati wa kuondoka nilimshika Shosho mkono kwa mikono yangu miwili, kama nilivyofundishwa, nikamwambia, "Tutakuja, Shosho." Hakuniachilia upesi kama siku zote.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua bado. Vumbi la mtaa wetu wa Section 58, hapa Nakuru, limeingia hadi kwenye sukari.

Jumatano, 19 Machi

Baba amelitamka. Baada ya chakula alifuta meza mwenyewe, jambo ambalo hulifanya akiwa na neno zito, kisha akasema anataka turudi Elburgon. Si kutembea. Kukaa.

Baba ni fundi wa friji. Anasema siku hizi kule kuna watu wengi wenye mashine za kupoza maziwa na hakuna wa kuzitengeneza. Mama hushona sare za shule, na sare zinavaliwa kila mahali. Tabby alisema yeye yuko tayari hata kesho, mradi apewe ndama.

"Lakini sitamhamisha mtu kwa nguvu," Baba akasema. "Mami yuko Form Three. Yeye ndiye ana la kupoteza. Akisema hapana, basi ni hapana, na hakuna mtu atamnunia."

Mama alinigeukia. "Umesikia, mama mkwe? Kesi yote iko kwako."

Niliomba nipewe muda. Baba akasema nichukue, ila mvua ikianza Shosho atataka kujua.

Sikulala vizuri. Ningependa kuwa mtu anayejua anachotaka.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imeanza. Mlima Menengai hauonekani kabisa.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule imefungwa. Kabla hatujaondoka Mwalimu Cheruto alituita darasani akasoma majina, na mimi ndiye msemaji wa kwanza. Nitaanza shairi peke yangu na kulimaliza peke yangu, wenzangu wakiitikia katikati. Mashindano ya kaunti ni Juni. Nilitembea hadi nyumbani bila kuhisi tope.

Sikumwambia Baba mpaka aliposhiba. Alifurahi sana, akanipa mkono kama mtu mzima. Halafu akasema, "Kwa hivyo Juni."

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Lazima niandike yote.

Tulifika Elburgon na ukungu ulikuwa bado umekalia paa. Viazi vya Shosho vilikuwa vimeanza kutoa majani kila upande wa boma. Lakini mbele ya ile nyumba ya mbao palikuwa na kipande cha udongo mtupu, kimelimwa, kimevunjwa mabonge, kimesawazishwa kama kitanda kilichotandikwa.

Tabby hakungoja salamu ziishe. "Shosho, hapa ulisahau kupanda?"

"Sikusahau. Hapo si pangu," Shosho akasema. "Hapo ni penu. Mtu hupandiwa shamba akiwa mgonjwa. Nyinyi ni wagonjwa?"

Kisha akatufungulia nyumba ya mbele. Dirishani, mahali penye mwanga, alikuwa ametandaza mbegu za viazi kwenye nyungo mbili, moja moja, zisigusane. Zilikuwa na machipukizi mafupi ya zambarau. Alisema alizichagua mwenyewe, ukubwa wa yai la kuku, na kwamba zikikaa sana zitaishiwa nguvu. Baba alichukua moja akaizungusha kwenye vidole. Sijawahi kumwona akishika kitu cha friji namna ile.

Mama alinivuta nyuma ya jiko.

"Wewe ulimwambia Shosho nini ile siku?"

"Nilimwambia tutakuja."

"Ukimaanisha nini?"

"Nilikuwa namuaga tu, Mama. Si ndivyo watu husema wakiaga?"

Mama alifunika mdomo. Nilidhani anacheka, na labda alianza kucheka. "Haya. Enda umwambie mwenyewe."

Nilienda. Shosho alikuwa akikamua ng'ombe, kichwa chake kimeegemea ubavu wa mnyama. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Hakuniacha nianze.

"Kesho asubuhi mvua itapumzika," alisema. "Mlale. Tutapanda wewe na mimi kabla watu hawajaamka. Wamaitha na Wamaitha."

Nilimwambia nimekuja na viatu vya kanisa.

"Gumboot ziko nyuma ya mlango. Zako kabisa, tuna mguu mmoja."

"Siku nyingine, Shosho," nikasema. "Tabby ana kikohozi."

Tabby hakuwa na kikohozi. Shosho alisema haya, akaendelea kukamua. Tuliondoka jioni ileile, na wakati wa kuaga sikusema tutakuja. Nilisema "ubaki salama", na sasa nikiandika naona hiyo nayo haikuwa jibu.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule imefunguliwa. Mazoezi kila siku baada ya masomo.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua. Baba amempigia Shosho simu kutoka kwenye varanda. Nimesikia akisema, "Bado hajaamua, wacha tumpe nafasi." Kisha akauliza kama viazi vimepata ugonjwa wa majani. Hakuuliza kuhusu kile kipande.

Jumapili, 4 Mei

Nimemwambia.

Nilimkuta Baba ameketi chini, friji ya mteja imefunguliwa mgongo. Nilisema nimefikiri, na kwamba naomba tusihame muhula huu. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu: maabara ya shule, mtihani wa mwaka ujao, kundi la ushairi. Nilisema si hapana ya kabisa, ni hapana ya muhula huu.

"Na muhula ukiisha?"

"Tutaona, Baba."

Aliitikia kwa kichwa polepole. "Sawa, Mami. Tulisema na tumesema." Akarudi kwenye friji. Aliikaza skrubu, akailegeza, akaikaza tena ileile.

Mama alipika chapati usiku huu ingawa si sikukuu na hatuna mgeni. Alikuwa akiimba. Nilikula tatu. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetoka kwenye chumba cha mtihani.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Shosho alimwambia Tabby kwenye simu kwamba magugu yameanza kwenye "shamba la wageni". Zamani alikuwa akiliita shamba lenu.

Jumapili, 25 Mei

Nimejaribu kuandika kuhusu Baba. Tangu siku ile hajaninunia hata kidogo, na hilo ndilo linanisumbua. Ananipigia pasi sare. Ananiuliza beti zimefika wapi. Lakini zamani tukila alikuwa akisimulia mambo ya Elburgon: jinsi walivyokuwa wakiteleza kwenye maranda ya mbao kule kwenye mashine ya kupasulia miti, jinsi Guka alivyomkimbiza ndume wa jirani kwa mwavuli. Sasa hasimulii. Nilidhani amesahau tu kuyasimulia.

Jumanne, 10 Juni

Tumeshindwa.

Tulikuwa wa tatu, na wanaoendelea mbele ni wawili. Sikusahau neno hata moja. Sikukwama. Jaji, mzee mmoja mwenye miwani shingoni, alisema msemaji wa kwanza ana matamshi safi kuliko wote siku ya leo, lakini hakuonekana kuwa anamwambia mtu yeyote jambo lolote.

Mwalimu Cheruto alitununulia soda. "Msilie mbele ya watu," alisema. "Mtalilia kwenu." Kisha akalia yeye.

Alhamisi, 12 Juni

Mazoezi hayapo tena. Natoka shuleni mapema na sijui nifanye nini na mikono yangu.

Nilimuuliza Baba kama tunaweza kuhama sasa. Alinitazama kwa huruma. "Waru za Shosho zimemaliza kutoa maua, Mami. Watu wanangoja kuvuna viazi. Mtu hahami katikati ya muhula kwa sababu ya soda ya kushindwa. Soma."

Jumamosi, 21 Juni

Wezi wameingia kwa Shosho. Wamechukua kondoo wote wawili. Jirani yake, Kabiru, ndiye aliyetupigia simu alfajiri, na Baba akaondoka bila kunywa chai.

Amerudi jioni, buti zake zimejaa tope. Shosho hakuguswa. Alisikia mbwa akibweka, akasukuma meza kwenye mlango, akakaa juu yake mpaka kukapambazuka.

"Waliingilia wapi?" Mama akauliza.

Baba alivua buti moja. "Hawakuingilia. Walikuwa ndani ya boma tangu jioni. Walikaa kwa nyumba ya mbele wakingoja taa yake izime. Kuna maganda ya ndizi sakafuni. Mbegu wamezikanyaga zote."

Tabby alianza kulia kwa ajili ya kondoo. Mimi nilikuwa naona vile vyumba viwili vya nyumba ya mbele. Chumba cha upande wa kulia Shosho alisema siku ya Pasaka kingekuwa changu, kwa sababu kinapata jua la asubuhi. Mtu alikaa humo akila ndizi.

Jumapili, 29 Juni

Baba anasema Shosho hawezi tena kulala peke yake. Ama sisi twende, ama yeye aje. Nilisema kwa sauti, mbele ya wote, "Twende. Twende hata wiki hii. Nitasoma shule ya kule."

Baba alimwangalia Mama. Mama alisema tulizungumzie baadaye, akaenda kwenye cherehani. Nikamfuata.

Alishona mshono mzima kabla hajanijibu.

"Wamaitha, keti. Wewe ulinisaidia sana ulipokataa."

Sikuelewa.

"Mimi nililelewa huko juu, Molo. Unajua baridi ya Molo? Nimebeba kuni kutoka msituni tangu nikiwa mdogo kuliko Tabby. Siku nilipoolewa Nakuru niliapa sitarudi kuamka na moshi machoni. Naona vile baba yako anashika udongo na namhurumia. Lakini siwezi."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Niseme nini? Mke akikataa kwenda kukaa na mama mkwe, familia yote itaitisha kikao. Kang'ethe atatoka mpaka Karagita. Mtoto akikataa kwa sababu ya masomo, watu wanasema ana bidii." Alikata uzi kwa meno. "Nilikuwa naomba Mungu kila siku ukatae. Ukatae kwa heshima. Na ukafanya hivyo."

Zile chapati.

Nilitaka kumkasirikia na nikashindwa, kwa sababu alikuwa analia huku anapanga vifungo vya sare kwa rangi. Nilikuwa nimejiona mtu mzima aliyepewa uamuzi. Kumbe kila mtu nyumbani alikuwa amejibanza nyuma yangu. Hata Baba. Kama alitaka kurudi kwao kiasi hicho, kwa nini alimwekea mtoto neno la mwisho? Nafikiri aliogopa kumuuliza Mama.

Na mimi nilijibanza nyuma ya shairi.

Jumatano, 2 Julai

Imeamuliwa. Shosho atakuja kwetu shule zikifungwa. Shamba litakodishwa kwa Kabiru miaka miwili. Ng'ombe atakaa kwa mke wa Kabiru.

Jumatatu, 14 Julai

Baridi. Nimehamisha nguo zangu kwenye droo moja ili Shosho apate tatu.

Jumapili, 27 Julai

Mtihani umeisha. Nimefanya vizuri Biolojia. Nilimpigia Shosho kumwambia. Alisema, "Vizuri, ulibaki kwa ajili ya hiyo." Hakusema kwa ubaya.

Jumamosi, 2 Agosti

Leo tulimchukua.

Viazi vilikuwa vimeshavunwa na magunia kuondoka. Shamba lote lilikuwa jeusi na wazi, isipokuwa kile kipande cha mbele ya nyumba. Magugu yalikuwa yamenifika kiunoni, mengine yana maua ya njano. Kwa mbali yalipendeza, kama kitu kilichopandwa.

Shosho alikuwa amevaa koti la kanisa tangu asubuhi. Vitu vyake vyote havikujaza pikapu nusu. Alizunguka nyumba mara moja akigusa mbao. Kwa ng'ombe hakuenda. Alisema walishaagana jana.

Mama alikuwa akifunga godoro kwa kamba Kabiru alipokuja na trekta, kwa sababu alitaka kuanza kabla mvua ya alasiri haijashuka. Alilima upande wa chini wote. Alipofika mbele ya nyumba akasimama, lakini hakuzima injini.

"Mama Kang'ethe! Na hii nayo? Iko kwa ile tuliongea ama haiko?"

"Hiyo si yangu," Shosho akasema.

"Ni ya nani sasa?"

"Muulize huyo." Alininyooshea kidevu.

Kabiru alinitazama, mimi na viatu vyangu vyeupe, akatabasamu. "Haya, madam. Tulime ama tuwache? Sema haraka, dizeli inaungua. Na ujue haya magugu yakitoa mbegu yatakuja kwangu."

Nilimwangalia Baba. Alikuwa amesimama na mikono mifukoni, anaangalia trekta. Nilimwangalia Mama. Aliacha kamba ikalegea. Ingekuwa rahisi kusema lima. Ingekuwa adabu pia. Mwenye trekta alikuwa anangoja.

"Wacha," nikasema. "Nitakuja."

Nilijisikia nikilitamka, lile neno la Machi. Shosho alilisikia pia. Aligeuka na kunitazama kama mtu anayesoma bei.

"Utakuja lini?"

Machi hakuna aliyeniuliza hivyo.

"Jumamosi ijayo. Gumboot ziko wapi?"

"Nyuma ya mlango," Shosho akasema. "Hizo sikuzipakia."

Kabiru alicheka, akageuza trekta. Tulienda mpaka Njoro. Hapo Shosho akauliza kama kwetu kuna mahali mtu anaweza kuota jua bila kuonekana na watu wote, na Tabby akamwambia kuna varanda, lakini inaangalia ukuta.

Jumatano, 6 Agosti

Shosho huamka kabla yetu. Anakunja blanketi, anafunga kitambaa, anakaa kwenye ukingo wa kitanda akiwa tayari. Leo nilimuuliza kama anahitaji kitu. Akasema hapana, ni mikono tu haijajua kwamba tumehama.

Mama amempa kazi ya kung'oa nyuzi kwenye sare. Wanafanya pamoja, bila maneno mengi. Jana Mama alimwita "Mami" kama Baba anavyoniita mimi, na wote wawili tukaitika.

Jumamosi, 9 Agosti

Baba alinipeleka Elburgon. Alikata magugu na mimi nikalima. Gumboot zilinitosha kabisa. Kufikia saa nane viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, na tulikuwa tumesafisha kama robo tu. Upande wa pili wa ua ng'ombe wa Shosho alilia mara mbili.

Viazi vimechelewa, wakati wake ulipita. Mke wa Kabiru alinipa minji, yaani njegere, za kupanda ndani ya kopo. Nilichora mstari kwa jembe, kisha nikasimama. Nilipiga simu nyumbani na Tabby akamshikia Shosho sikioni.

"Kina gani, Shosho?"

"Kiungo kimoja cha kidole. Usizike kama maiti."

Nilipanda huku anasikiliza. Nilimaliza nikamwambia nimemaliza mstari mmoja. Cherehani ya Mama ilisikika nyuma yake.

"Mbegu nzuri ilikuwa ile ya Pasaka," akasema.

"Najua, Shosho."

"Haya. Fungua mstari wa pili."